Kwa Nini Chai ya Yunmo Hulazwa Kitambaani

Zilikuwapo zama ambazo chai haikujua rangi nyingine ila kijani. Ilichumwa kijani, ikakaangwa ingali kijani, na ilipomiminiwa maji ya moto kijani chake kilibaki kikombeni kama nyasi zilizokatwa asubuhi ile ile. Ilikuwa chai kali. Ilikwaruza ulimi, ikashuka tumboni ikiuma, na aliyeinywa kabla ya kula alijua mapema kwamba amejikosea. Watu waliipenda hivyo hivyo. Wangefanyaje? Penye kitu kimoja hakuna kuchagua.

Katika nchi ya Uchina, upande ule wenye mvua nyingi, kulikuwa na mlima ulioitwa Yunmo, na chai ya mlima huo ilikuwa mali ya Mfalme. Si kwamba Mfalme aliwahi kuupalilia hata mche mmoja. Ilikuwa yake kwa sababu alisema ni yake. Chini ya Mfalme alikuwapo mtawala wa jimbo, naye akasema vivyo hivyo, na chini ya mtawala alikuwapo msimamizi, Bwana Pang, ambaye hakuwa na haja ya kusema sana kwa kuwa alishika fimbo.

Sasa, chai ina pua. Hilo hata mtoto wa Yunmo alilijua. Iweke karibu na samaki, itanuka samaki. Ipitishie moshi, itanuka moshi hadi siku ya kunywewa. Kwa hiyo msimu wa kuchuma ulipoanza, mwishoni mwa baridi, vichipukizi vikiwa bado vimejikunja kama ulimi wa ndege, ilikatazwa mtu yeyote mlimani kula kitunguu saumu. Amri hiyo ilikuwa na maana, na watu waliifuata bila kunung'unika. Lakini amri ikishapata sababu moja nzuri huanza kuzaa nyingine zisizo na sababu. Wakubwa wakakataza ubani na karatasi za kuchomea wafu, eti chai itanusa. Wakakataza kilio, eti mikono ya anayelia ni mizito. Mwisho wakakataza hata kitambaa cheupe cha katani, ambacho watu wa huko hujifunga kichwani wanapofiwa, na hapo hawakutoa sababu yoyote. Walikuwa wamezoea kutoulizwa.

Basi aliyekufa wakati wa msimu hakuzikwa. Alipelekwa katika pango la baridi nyuma ya chemchemi, akalazwa juu ya mawe, akangoja mpaka kapu la mwisho la chai literemke mlimani. Na watu wa Yunmo waliamini jambo moja kuhusu wafu wao: kwamba mtu akikaa bila kuliliwa hadi uso wake ukabadilika, roho yake husahau njia ya kwao. Huzunguka tu. Kwa hiyo kila ukungu uliposhuka akina mama waliutazama kwa macho ya kutafuta, wakijiuliza ni nani wa nani anayepita.

Katika banda la kukaangia alikuwapo mwanamke aliyeitwa Sulan. Kazi yake ilikuwa kugeuza majani ndani ya karai la chuma lililowekwa juu ya moto, na aliyageuza kwa viganja vitupu, kwa kuwa mwiko hauwezi kuhisi jani linapolegea. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa. Alibaki na mdogo wake mmoja, Yinzhu, aliyemlea tangu hajaota meno, na ambaye sasa alikuwa mchumaji mwepesi kuliko wote.

Asubuhi tunayoizungumzia, Yinzhu alipita bandani kuchukua kapu, akaishika mikono ya dada yake akaigeuza juu chini.

"Dada, hii ni mikono au ni gome la mti?"

"Ni mikono iliyokulisha uji."

"Ndiyo maana uji ulikuwa na ladha ya gome."

Shangazi Qiu, mwanamke mzee aliyekaanga katika karai la pembeni, alicheka bila kuinua uso. "Msichana huyu akiolewa, mama mkwe wake atahama."

"Mama mkwe wangu atakuwa kiziwi, Shangazi. Nimeshaagiza."

Sulan akamwambia aende zake, na asipande ukingoni, maana jiwe lilikuwa limelowa. Yinzhu akasema Bwana Pang ndiye apangaye nani apande wapi, si yeye. Akaondoka akiwa na kapu mgongoni. Hakugeuka nyuma. Na kwa nini ageuke? Alikuwa anakwenda kazini.

Ukingo huo ulikuwa ule wa juu ya jabali, ambako michai michache ya kale ilitoa vichipukizi kabla ya mingine yote. Wachumaji walikuwa wamemwomba Bwana Pang angojee jua likaushe jiwe. Bwana Pang alitazama makapu, akaona hayajajaa, akawaonyesha ukingo kwa ncha ya fimbo. Yinzhu alipanda kwa kuwa alikuwa mwepesi. Walimteremsha kabla ya adhuhuri, amelazwa juu ya mlango wa mbao uliong'olewa, na kapu lake lilikuwa bado limefungwa mgongoni, nusu tupu.

Sulan alitoka bandani akiwa na mvuke wa majani mikononi. Alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Bwana Pang, ambaye alikuwa anakiokota kichipukizi kimoja baada ya kingine kutoka ndani ya lile kapu.

"Bwana Mkubwa, nipe ruhusa nimzike."

"Apelekwe pangoni."

"Ni mdogo wangu, Bwana. Nimebaki naye peke yake."

"Wote waliomo pangoni ni wadogo wa watu." Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto bei ya chumvi. "Sikiliza, Sulan. Huyu amekwisha kufa, hana haraka. Chai ndiyo yenye haraka. Rudi kwenye karai."

Akarudi. Na tusimlaumu kwa kurudi, maana wapo wanaopenda kusikia shujaa akimrukia mtu mwenye fimbo. Wanaume wanne wa Bwana Pang walikuwa wamesimama pale. Alirudi, akaingiza mikono ndani ya karai, akageuza majani, na Shangazi Qiu akageuza ya kwake, na kwa muda hapakuwa na sauti bandani ila ile ya majani mabichi yanapokutana na chuma cha moto.

Kisha Shangazi Qiu akasema, bila kumwangalia, "Mwanangu wa kiume nilimtoa pangoni baada ya msimu. Nilimtambua kwa mshipi."

Viganja vya Sulan viliendelea kugeuza.

"Kwa mshipi tu," mzee akarudia. "Uso niliulilia kwa kukisia."

Hapo ndipo Sulan alipofanya uamuzi wake. Nyumbani, ndani ya kasha, alikuwa amehifadhi kitambaa cha katani alichojifunga walipokufa wazazi wake. Akakiendea, akakificha chini ya vazi, akarudi nacho. Alikuwa na nia ya kumsitiri mdogo wake kwa nusu, na nusu nyingine kujifunga kichwani kule juu makaburini, ambako macho ya Bwana Pang hayafiki. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka mzito, na katika ukungu ule mtu angeweza kubeba mzigo wowote.

Lakini palikuwa na majani. Alikuwa ametoka kuyaepua, yamelegea, yana joto na unyevu, rundo zima la vichipukizi vya ukingoni vilivyomwua Yinzhu. Desturi ya kazi ni moja: jani likitoka motoni hutandazwa mara hiyo kwenye ungo na kupepewa lipoe, maana likiachwa na joto lake hugeuka. Kila mkaangaji alifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kitu kingine. Na kutandaza na kupepea kulitaka mtu asimame pale hadi jioni. Bwana Pang angepita, angekuta ungo umetandazwa na hakuna wa kuupepea, na angejua.

Basi Sulan akafanya kosa ambalo mtu mwingine yeyote, asiye mkaangaji wa Yunmo, asingelifikiria. Chai iliyokwisha kumalizika hufungwa ndani ya kitambaa ikingoja kuteremshwa. Akalirarua lile katani vipande viwili. Kimoja akakikunja kifuani. Kingine, kile cha kichwa chake mwenyewe, akakitandaza, akayamwaga humo yale majani ya moto, akayafunga barabara na kuyaweka ndani ya sanduku la mbao. Bwana Pang akichungulia ataona furushi. Atadhani kazi imeisha.

"Yataharibika," Shangazi Qiu akasema.

"Najua."

"Watakuua kwa ajili ya majani."

"Mmoja ameshauawa kwa ajili ya hayo hayo, Shangazi. Wakiniuliza niko wapi?"

Mzee akalifikiria. "Nitasema tumbo linakuendesha. Hakuna mwanamume anayeuliza swali la pili juu ya hilo."

Sulan akamtoa Yinzhu pangoni, akambeba mgongoni kama alivyombeba zamani, akapanda naye upande wa pili wa mlima walikolala wazazi wao. Alichimba kwa jembe la kupalilia. Udongo ulikuwa na mizizi, na kaburi halikufika kina kinachostahili. Alimfunika uso kwa nusu ile ya katani, uso ukiwa bado ni wake, hilo alilipata. Lakini ubani hakuwa nao, wala karatasi, wala mtu wa kumwitikia katika wimbo wa maombolezo, ambao huimbwa kwa sauti mbili. Alianza sauti ya kwanza, akanyamaza penye nafasi ya sauti ya pili, akaendelea. Mtu anayeomboleza peke yake hivyo husikika kama anauliza swali na kulijibia kimya. Kisha mvua ikafunga njia, na hakuweza kurudi hadi asubuhi ya pili, ukungu ulipoinuka.

Alipolifungua furushi, kijani hakikuwapo.

Majani yalikuwa ya manjano. Si manjano ya kuoza, bali ile ya mpunga unaokaribia kuvunwa, na harufu ya nyasi ilikuwa imekwenda zake, mahali pake ikakaa harufu nyingine, ya joto, kama ya mahindi machanga yaliyosogezwa kando ya makaa. Shangazi Qiu alichukua jani moja akalitafuna. Akakunja uso, akautuliza.

"Limenyamaza," alisema. "Linaliwa bila kukuuma."

Hakuwa na nafasi ya kusema zaidi, kwa sababu Bwana Pang alikuwa amesimama mlangoni.

Kwanza alipiga. Halafu akafikiri, na kufikiri kwake kulikuwa kubaya kuliko kipigo. Wapagazi wa mtawala walikuwa wamekwisha fika, vichipukizi vingine vya ukingoni havikuwapo, na kurudisha sanduku tupu kulikuwa ni kujitia kitanzi. Akamwamuru Sulan ayarudishe majani karaini kidogo, ayakaushe polepole juu ya makaa, yapelekwe hivyo hivyo na umanjano wake. Kisha akaandikisha juu ya sanduku jina la Sulan, herufi kubwa, ili hasira ya mtawala itakaposhuka ijue pa kutua. Sulan mwenyewe alikaa ndani, mguu wake umefungwa kamba kwenye nguzo ya banda, akikaanga na kungoja.

Haikushuka hasira. Mtawala alikuwa mtu wa tumbo bovu, na kwa miaka mingi alikuwa akiinywa chai ya Yunmo kwa fahari na kujikunja kwa siri. Alipoinywa hii alingoja maumivu, yasije. Ilikuwa nyepesi na nene kwa wakati mmoja. Iliteremka kooni kwa ulaini, na baada ya kumezwa ikaacha utamu nyuma ya ulimi, utamu usiotoka kwenye asali wala tunda. Vichipukizi vilisimama wima kikombeni, vikazama, vikainuka, kama watu waliopewa ruhusa ya kukaa kisha ikaondolewa. Akaagiza kwamba chai ya ukingoni na ya mlima wote iwe hivyo daima. Akauliza ni nani aliyeibuni.

Bwana Pang akasema ni yeye.

Lile jina lililokuwa juu ya sanduku lilikwanguliwa kwa kisu. Angalieni mambo ya dunia yalivyo: adhabu ilikuwa na jina la Sulan, sifa haikuwa nalo. Na mpaka leo kuna watu wenye kalamu wanaoeleza kwamba chai hii ilibuniwa na msimamizi mmoja mwenye busara. Waulize alikaanga na nani. Hawajui. Hawakuuliza.

Ila Bwana Pang alikuwa na shida. Alikuwa amesema amebuni kitu asichokijua. Akaja bandani, akamfungua Sulan kamba kwa mkono wake mwenyewe, akavuta kigoda akaketi.

"Ulifanya nini hasa?" akauliza.

Sulan alimtazama. Angeweza kunyamaza, lakini kunyamaza kungemletea fimbo, na baada yake fimbo ingemgeukia Shangazi Qiu. Angeweza kusema kweli, kwamba ni joto na unyevu na kitambaa, basi. Kweli hiyo ni fupi, inaingia katika pumzi moja. Kisha akakumbuka pango, na waliomo, na akina mama waliokuwa wakitambua watoto kwa mshipi. Akairefusha.

"Jani likitoka motoni lina hofu, Bwana Mkubwa. Linataka kulazwa. Hufungwa ndani ya katani jeupe, lisilo na rangi ya kulishtua."

"Katani jeupe." Bwana Pang hakulipenda hilo. "Endelea."

"Likilala, halitaki moto karibu. Makarai yote yazimwe. Halitaki miguu wala amri. Wachumaji wateremke ukingoni, wakaangaji watoke bandani, watu wote waende upande wa pili wa mlima. Ukisikika mlio mmoja tu wa upatu wa kuita watu kazini linaamka, nalo likiamka kabla ya wakati hurudi kuwa kijani."

"Watu wafanye nini upande wa pili?"

"Sijui, Bwana. Makaburi tu ndiyo yako huko."

Bwana Pang hakuwa mjinga. "Na ubani? Na moshi wa karatasi? Chai ina pua, mwanamke."

"Imefungwa usoni. Inanusaje?"

Amri ya ubani ilikuwa imesimama juu ya pua ya chai, na pua ilikuwa imezibwa. Bwana Pang alitaka kusema atajaribu kwanza moto ukiwaka, kuona kama kweli. Lakini jani likirudi kijani mtawala angeuliza imekuwaje mbunifu ameharibu ubunifu wake mwenyewe. Aliyesimama juu ya uongo wake haruki-ruki. "Hulazwa mara moja?" akauliza.

"Mara mbili. Hulazwa, ikaamshwa kwa moto mdogo, ikalazwa tena."

Hiyo ya mara ya pili ilikuwa kweli kidogo, maana jani huiva vizuri zaidi hivyo. Lakini Sulan hakuwa anawaza jani. Alikuwa amehesabu kazi ya msiba: kulala kwa kwanza ni kwa kuchimba, kwa pili ni kwa kulia.

Msimu huo huo, mafurushi ya kwanza yalipofungwa, makarai yalizimwa mlima mzima. Watu waliinuka wasiamini. Walisimama kwanza mbele ya banda, mikono imening'inia, kama ng'ombe waliofunguliwa nira wakiwa hawajui pa kwenda. Kisha Shangazi Qiu akaenda pangoni, na wote wakamfuata. Waliwatoa wafu wao wakiwa na nyuso zao. Waliwavika katani, wakawachomea ubani, na maombolezo yaliimbwa kwa sauti mbili, huku Bwana Pang amekaa chini peke yake na fimbo yake, hana wa kumwamuru, akiogopa hata kukohoa.

Sulan alikwenda kwenye kaburi la Yinzhu. Wanawake wakamzunguka, wakamwambia, "Anza, sisi tutakuitikia." Akafungua kinywa. Sauti haikutoka. Alikuwa ameshaiimba peke yake siku ile, na haikubaki. Wakaanza wao, wakajiitikia wao, naye akakaa katikati yao kama mgeni kwenye msiba wake.

Na chai ikapata sifa. Mwaka uliofuata mtawala alitaka makapu zaidi, na wachumaji zaidi wakapelekwa ukingoni, na jiwe lilikuwa limelowa. Wawili walianguka. Mwaka wa tatu alianguka msichana ambaye Yinzhu alikuwa akimfundisha kuchuma. Kila walipoletwa juu ya mlango, watu walimwangalia Sulan kwa shukrani. Walimshika mikono. "Umetupa siku za kuwalilia," walimwambia, na mama wa yule msichana akaibusu mikono ile iliyofanana na gome.

Sulan aliirudisha nyuma. Siku ile ya kigoda alikuwa ameketi na Bwana Pang ana kwa ana, mtu aliyekuwa tayari kuamini lolote, na angeweza kumwambia kwamba jani la ukingoni haligeuki. Kwamba ni la chini tu, la mteremko mpole, ambalo hata bibi kizee hulifikia. Angeamini. Ukingo ungeota nyasi. Lakini siku ile, alipopewa nafasi ya kuomba chochote, yeye aliomba wakati wa kulia. Hakuomba kinacholiza kiondolewe. Halikumjia akilini. Aliyezoea kunyimwa vyote viwili huomba kile kidogo, kisha hushukuriwa kwa hicho.

Hakumwambia mtu. Alizeeka bandani, na kila makarai yalipozimwa alikwenda na wenzake upande wa pili, akakaa, hakuimba.

Tangu wakati wake, basi, chai ya Yunmo ni ya manjano. Hukaangwa kwa viganja, hufungwa ingali na joto ndani ya katani jeupe, ikalazwa, ikaamshwa, ikalazwa tena, na ndiyo maana ni chache, na wengi wenu hamtaiona. Ikiwa imelala hakuna moto wala upatu wala amri mlimani. Mafundi wataapa kwamba bila ukimya huo jani haligeuki, na hata msimu ambao hakuna aliyekufa watu hupanda upande wa pili wakaketi kati ya makaburi mpaka wakati utimie. Mbali huko chini, wanaoimimina vikombeni huisifu kwa kuwa haina uchungu hata kidogo. Na mapema kila mwaka, kabla jua halijakausha jiwe, wachumaji hujifunga makapu na kupanda ukingoni.